Mbuzi Wawili wa Baba

Dada yangu aliniambia ana mimba tukiwa kwenye foleni ya maji pale Riruta, kila mmoja ameshika debe lake. Hakunitazama. Alisema kijana mwenyewe hakatai, anataka kuoa, lakini baba yake, mzee mmoja mwenye shamba na ng'ombe kule Uthiru, ameuliza swali moja tu: wakija kuposa, wapige hodi kwa nani?

Foleni ikasogea. Tukasukuma madebe kwa miguu. Nilimwambia nitalitafutia jibu, kwa sauti ya mtu anayeahidi kutafuta sufuria iliyopotea. Nilijua hatuna mtu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye kumi na minane. Baba yetu alikuwa fundi wa vioo mjini, akikata vioo vya madirisha na kuvipachika. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwakamata Wakikuyu, alipakiwa kwenye lori asubuhi moja pamoja na wanaume wengine wa nyumba tulizokaa, na hatukumwona tena. Hatukuletewa habari za kifo wala za uhai. Kipande chake, kitambulisho cha enzi ya ukoloni na karatasi pekee iliyokuwa na jina la baba yake na la kwao, kiliondoka naye mfukoni. Miaka miwili baadaye mama aliyetuzaa akafa kwa kifua.

Aliyetuchukua hakuwa wa kabila letu. Sisi ni Wakikuyu, yeye alikuwa mjane kutoka upande wa Kakamega, ambaye marehemu mume wake alifanya kazi na baba yetu katika karakana moja. Alifua nguo za watu, akatulisha, akanisomesha hadi nikamaliza sekondari. Tulimwita Mama, na humu ndani nikisema Mama ni yeye ninayemtaja. Kuhusu baba yetu alijua mambo mawili: kwamba alikuwa mcheshi, na kwamba akiulizwa kwao alikuwa akigeuza maneno.

Nilikwenda Uthiru peke yangu Jumapili iliyofuata. Mzee nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata.

"Wewe ndiye kaka?"

"Ni mimi, mzee."

"Mbari gani?"

Mbari ni watu wa babu mmoja, wale wenye shamba lao moja na mahali pao pa kuzikana. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mzee huuliza, kabla hata ya jina.

"Sijui, mzee."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Baba alichukuliwa na lori."

Hapo akasimamisha panga. Akanitazama vizuri, akaniita nikae juu ya gogo. Mke wake akaniletea uji. Hawakuwa watu wabaya, na hilo lilinifanya nishindwe hata kukasirika.

"Kijana, mimi sina neno na dada yako. Nimemwona, ana adabu. Lakini nikipeleka mbuzi kwenye chumba cha kupanga, nitawafunga wapi? Kwenye miguu ya kitanda?"

Mke wake akacheka kwa pua. Mzee hakucheka.

"Tena nikimchukua hivi hivi, kesho kutwa akitokea mtu kutoka sijui wapi aseme, huyo ni binti yetu, mmemla bure, nitamjibu nini? Na kama ni wa mbari yangu mwenyewe? Nimwoze mwanangu dada yake?"

"Hapana, mzee."

"Basi nitafutie mwanamume mmoja wa kwenu. Mmoja tu, akae kwenye kiti, nimpe mkono. Maharagwe haya yakitoka shambani kabla hujampata, mtoto azaliwe huko Riruta, awe wenu. Sitamkataza mwanangu kumpelekea maziwa. Lakini mke hatakuwa."

Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua.

Nilipomweleza Mama, alikuwa akipiga pasi, makaa yanafuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kwake mwenyewe.

"Si ungemwambia mimi niko? Huyu nimemlea tangu meno yake ilikuwa ya maziwa."

"Wanataka mwanamume, Mama."

"Haya, natuma barua nyumbani. Shemeji yangu apande gari moshi akuje. Mwanaume mzima, ako na koti."

"Atawaambia nini? Hajui hata neno moja la kwetu."

"Atanyamaza. Mwanaume akinyamaza na ako na koti, watu wanamheshimu."

Dada yangu, aliyekuwa amelala akiangalia ukuta, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akaanza kulia, na Mama akaweka pasi chini akamfunika miguu kwa shuka, ingawa jua lilikuwa kali.

Nilikuwa na uzi mmoja tu wa kufuata, nao ulikuwa jina langu. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili hupewa la baba wa mama yake. Wasichana vivyo hivyo, wa kwanza huitwa mama wa baba, wa pili mama wa mama. Hakuna anayechagua. Mtu akijua jina lake na nafasi yake ya kuzaliwa, anajua babu yake aliitwaje hata kama hakumwona kwa macho. Jina la dada yangu halikunisaidia, maana nusu ya wanawake wa Dagoretti wanalo. Lakini langu si la kawaida. Nami nilikuwa mzaliwa wa kwanza. Kwa hiyo nilijua jina la baba wa baba yangu, na nilichohitaji ni kuipata mbari iliyokuwa na mzee wa jina hilo, aliyepoteza mwana kwenye lori.

Kazi yangu ilinisaidia. Nilikuwa nasoma mita za maji. Asubuhi nilikuwa Jamhuri, kwenye zile nyumba mpya karibu na uwanja wa maonyesho, nikipiga magoti kwenye nyua za watu, nikifuta matope juu ya kioo cha mita na kuandika. Mchana nilipanda baiskeli hadi kwenye nyumba kubwa za Ngong Road. Kila lango lilikuwa na bawabu au mtunza bustani, na karibu kila mmoja alikuwa na mzee nyumbani aliyejua wazee wengine. Nilitaja jina langu kama jina la babu, nikauliza. Jioni niliteremka Kawangware, Kangemi, Uthiru, nikauliza tena. Siku moja nilikwenda kwenye kanisa la misheni, na karani wa kitabu cha ubatizo akapitisha kidole kwenye kurasa saa nzima, kwa huruma tu, kisha akafunga kitabu. Baba yangu hakuwa amebatizwa.

Nilipata wazee wawili wenye jina hilo. Wa kwanza alikuwa hai. Aliponiona nimepiga magoti mbele yake nikimwita babu, aliwaita majirani waje waone.

"Sikuzaa hata mtoto mmoja," alisema. "Leo nimeletewa mjukuu na baiskeli juu."

Walicheka sana. Nami nilicheka. Niliposhika barabara sikuipanda baiskeli, nikaisukuma kwa mguu hadi Riruta.

Maharagwe yalikuwa na maganda sasa. Dada yangu alianza kufunga khanga juu ya gauni, asubuhi na jioni, hata ndani ya chumba ambamo hapakuwa na mtu ila sisi. Kijana wake, karani mwoga wa ofisi moja mjini, alikuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti, akala ndizi moja, akaondoka. Dada yangu hakumlaumu. Alianza kunilaumu mimi. Nikirudi jioni hakuniuliza tena nimempata nani. Aliniuliza tu kama nimekula, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Aliyenielekeza alikuwa mwanamke muuza ugoro sokoni Dagoretti. Alisema mzee wa jina hilo alikuwako Waithaka, alishakufa, na mwanawe ndiye mwenye kinu cha posho karibu na barabara. "Kuna mtoto wao alipotea zamani," akasema, akifunga ugoro kwenye jani la mgomba. Sikumuuliza ni mtoto gani. Waithaka ni mwendo wa nusu saa kutoka chumba chetu, na nilikuwa nimepita mbele ya kinu kile labda mara mia.

Mwenye kinu alikuwa mtu mnene, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Mashine ilikuwa inanguruma na ilinibidi nipaze sauti. Nilimwita baba mdogo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi salamu hiyo njia nzima.

"Unaniita nani?"

"Baba mdogo. Mimi ni mtoto wa kaka yako. Yule aliyepotea."

Akazima mashine. Wanawake waliokuwa wamekaa na madebe yao ya mahindi wakanigeukia wote.

"Sina kaka aliyepotea," alisema.

Nikamwambia jina langu. Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa kwanza na jina hili ni la baba yake. Alisikiliza huku akijipangusa mikono kwa gunia. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza wiki zote zile: mama yangu aliitwa nani.

Nilipomjibu, alikaa chini juu ya magunia.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Dada yangu ndiye aliyepotea. Mimi si baba yako mdogo. Mimi ni mjomba wako."

"Lakini mimi ni wa kwanza."

"Wewe si wa kwanza. Wa kwanza hawezi kuitwa baba yangu. Labda baba yako alikuwa mwendawazimu."

"Sina ndugu mwingine ila dada."

"Kijana," alisema, sasa kwa upole, "ukiwa wa kwanza huwezi kuitwa baba yangu."

Alinipeleka kwa nyanya. Alikuwa ameketi nje akichambua mahindi, mama wa mama yangu, mtu niliyedhani hayuko duniani. Mjomba alimwambia polepole, neno kwa neno, na yeye akaendelea kuchambua mpaka gunzi likabaki tupu. Ndipo akanishika mkono, akauvuta hadi nikaanguka kwa magoti.

Alisema marehemu mama aliondoka nyumbani kufuata mwanamume asiye na watu, na babu akakataza jina lake kutajwa. Habari zilikuja kwa wapita njia tu. "Walikuja kuniambia amezaa mvulana. Nikafunga viazi vitamu kwenye kikapu niende kwa siri. Kabla sijatoka, akaja mwingine akaniambia mtoto amekufa. Alikaa siku tisa. Wewe ulikuja baada ya mwaka."

"Aliitwa nani, nyanya?"

Swali hilo lilinitoka kabla sijaelewa ninauliza nini. Mtoto yule ndiye aliyekuwa na jina la baba wa baba yangu. Yeye ndiye aliyekuwa mlango wa kwetu, wala si mimi.

"Sikuuliza," alisema nyanya. "Kwani kulikuwa na la kuuliza? Wa kwanza ni babu yake wa upande ule. Sote tulijua hivyo. Hilo lilitosha."

Nilimuuliza baba yangu alisema ametoka wapi. Alisema alidai kuzaliwa katika shamba la mzungu huko bondeni, ng'ambo ya Naivasha, na wazazi wake kufa akiwa mdogo. Hakuna aliyemwamini wala kumbishia. Marehemu mama aliishi nasi miaka kumi na mitatu, akanipikia, akanichapa, akanifundisha kuhesabu kwa punje za maharagwe, na hakuwahi kusema hata mara moja kwamba mbele yangu kulikuwa na mtu. Kwetu mtoto aliyekufa mchanga hatajwi. Nililijua hilo vizuri. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba linaweza kunihusu.

Siku ya pili nilimpeleka dada yangu, na Mama akaja pia, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Nyanya alimtazama sana dada yangu, hasa tumbo, akasema tu, "Kaa kwenye kivuli." Kisha akaanza kutueleza jinsi baba alivyokuja kuposa. Alisema kwa Kikikuyu, dada yangu akawa anamtafsiria Mama.

"Walikuja watatu. Baba yenu na wanaume wawili, ati baba wadogo zake. Wana mbuzi wawili na kibuyu cha pombe. Mmoja alikuwa fundi seremala, huyo alijitahidi. Mwingine alikuwa mrefu sana, kila mzee wangu akimuuliza neno, anakohoa."

Mama alimshika dada yangu bega. "Mwambie huyo mrefu ni bwana yangu."

"Alikohoa mchana kutwa," alisema nyanya.

"Hakuwa na kikohozi hata siku moja," alisema Mama. "Alikuwa hajui luga yenu. Baba yenu alimwambia, ukiulizwa kohoa."

Nyanya alipotafsiriwa hilo alijipiga paja, akacheka mpaka akakohoa yeye mwenyewe, na Mama naye akacheka, na hawa wanawake wawili ambao hawakuwa na lugha moja walishikana mikono wakicheka juu ya wanaume waliokufa.

"Na mbuzi?" niliuliza.

"Mbuzi, mzee wangu aliwapokea. Akachinja mmoja siku ileile, watu wakala. Wa pili alizaa hapa. Ni baadaye watu walipomnong'oneza kwamba wale hawakuwa jamaa, ni vibarua wenzake, ndipo akamfukuza baba yenu asikanyage tena. Na binti yetu akamfuata."

Nilirudi Riruta nikiwa na furaha, nakiri. Nilidhani shida imekwisha. Mjomba angekaa kwenye kiti, mzee wa Uthiru angempa mkono.

Lakini mambo ya wazee hayaendi hivyo. Mzee wa Uthiru alikubali kuonana na mjomba, wakaonana, na jibu likarudi: mjomba hawezi kupokea posa ya binti mwenye baba. Watoto ni wa yule aliyeleta mbuzi. Ila kama baba hakuleta kitu, basi mama hakuolewa, na watoto ni wa nyumba aliyozaliwa. Hapo mjomba angeweza kukaa. Mzee alitaka mimi, mwana wa kiume wa mama huyo, nilitamke jambo hilo mbele ya watu, ili asitokee mtu siku moja kutoka bondeni kudai chochote.

Mjomba aliniita kinuni. Safari hii hakuzima mashine, labda ili wanawake wasisikie.

"Utasema hakuleta kitu."

"Nyanya anasema alileta mbuzi wawili."

"Nyanya ni mzee."

"Mmoja alizaa hapa nyumbani kwenu."

Alichukua konzi ya unga, akaupima kwa vidole kama una chenga. "Sikiliza. Mbuzi walioletwa na watu wa kuazima si posa. Ni nyama. Kama baba yako alikuwa na watu, wako wapi? Nionyeshe mmoja, nitoke kwenye kiti sasa hivi. Huwezi. Na siwezi kukalia kiti chenye mwenyewe. Mimi sikulazimishi. Maharagwe si yangu."

Niliendesha baiskeli hadi mjini bila sababu. Nilizunguka mitaa ya River Road ambako karakana ya vioo ilikuwa, na sasa palikuwa na duka la vitambaa. Nikasimama mbele yake. Nilijaribu kumkumbuka baba uso, nikapata mikono tu, yenye makovu madogo meupe ya vioo, na jinsi alivyokuwa akinipigia mluzi kutoka mbali nijue amefika. Sikupata zaidi ya hapo.

Jioni nilimwambia dada yangu: ukitaka nisiseme, sitasema.

Alikuwa akikaanga vitunguu. Alikoroga muda mrefu.

"Baba hayuko," alisema. "Nimemlilia, amekwisha. Huyu yuko. Akizaliwa hapa ataulizwa swali tuliloulizwa sisi, na hatakuwa na hata jina la kufuatia." Akageuza vitunguu. "Wewe sema. Mimi nitakuwa jikoni, sitasikia."

Walikuja Jumamosi, wazee wanane kutoka Uthiru, na mbuzi wao wamefungwa kamba nzuri mpya. Mabenchi yalipangwa uani kwa mjomba. Wanawake walikuwa wakimenya viazi upande wa pili wa ua, na Mama alikuwa miongoni mwao. Hakupewa nafasi nyingine. Alikuwa ndiye aliyemlea bibi arusi, na siku ile alimenya viazi vya arusi yake.

Mzee wa Uthiru alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Kijana wa nyumba hii, tuambie. Mwanamume aliyekuzaa, alileta nini hapa kwa ajili ya mama yako?"

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwona. Alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani, ananiangalia kama mtu anayengoja chai.

"Hakuleta kitu," nilisema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Watu wake wako wapi?"

"Hakuwa na watu."

Wazee wakaitikia kwa koo. Nyanya aliinuka, akashika mwimo wa mlango, akaingia ndani. Mjomba akakaa kwenye kiti, akanyoosha mkono. Pembe ya pombe ikaja kwangu kwa zamu yangu nami nikanywa, ilikuwa tamu, na dada yangu akatolewa nje na wanawake, kafunikwa kichwa, na watu wakapiga vigelegele.

Njiani kurudi Riruta, Mama alitembea mbele. Miaka aliyokaa nasi ilikuwa imemfundisha Kikikuyu zaidi ya alivyopenda tujue.

"Umesema nini pale?"

"Nimesema walivyotaka."

Alitembea kidogo.

"Bwana yangu alitoka mjini na miguu mpaka hapo, mvua inanyesha. Mbuzi moja ilikataa kutembea, akabeba kwa bega. Alikuja nyumbani ananuka mbuzi wiki mzima." Akavuka mtaro, akaningoja ng'ambo. "Sikulaumu. Nakuambia tu."

Hakurudia tena maneno hayo mpaka alipokufa.

Dada yangu alizaa mvulana, akaitwa mzee wa Uthiru, kama ilivyopasa. Mzee alimbeba mbele ya ng'ombe wake akawaonyesha. Mimi niliacha kazi ya mita. Nilikaa Kangemi, nikakaa Jamhuri kwenye chumba cha nyuma cha watu, nikauza rangi, nikabeba barua maofisini. Nilisafiri mara mbili hadi Naivasha na kupita mbele, nikiuliza kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Watu waliniuliza babu yangu aliitwa nani, nami nikapanda basi nikarudi. Mke niliyemwoa hatukujaliwa mtoto, tukaachana kwa amani.

Kwa hiyo miaka ya sabini ilipoanza na dada yangu akajifungua mvulana wa pili, nililala nikimfikiria mtoto huyo kuliko nilivyowahi kumfikiria mtu. Wa pili huitwa baba wa mama yake. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo jina la baba yangu lingeweza kukaa.

Mjomba alifika Uthiru kabla yangu, amevaa koti, kabeba kuku mmoja na mkungu wa ndizi. Dada yangu alikuwa kitandani na mtoto.

"Karibu, wajina," mjomba alimwambia mtoto, akimgusa shavu, na hapo nikajua tayari. Aliyepokea mbuzi ndiye babu. Hakuna aliyepinga. Dada yangu alinitazama mara moja, kisha akamgeuza mtoto kwenye titi la pili.

Kwa kuwa nilikuwa nabeba barua mjini, shemeji alinipa karatasi ya kliniki niende nikamwandikishe mtoto kwenye ofisi ya vizazi. Nilipanga mstari asubuhi nzima. Karani alikuwa msichana, kalamu yake imefungwa kamba kwenye meza.

"Jina la mtoto?"

Karatasi ya shemeji ilikuwa mfukoni, jina la mjomba limeandikwa kwa herufi kubwa. Niliiacha huko. Nilijua shemeji hangesoma cheti hicho mpaka siku ya shule, miaka sita au saba. Nilijua pia siku hiyo ingekuja, na mzee wa Uthiru angemuuliza dada yangu hili jina ni la nani, na yeye angelazimika kusema ni la baba yake, yule ambaye hakuleta kitu.

"Baba, jina la mtoto hulijui?"

"Mimi ni mjomba."

"Basi mjomba, watu wanangoja."

Nikamtajia jina lililokuwa kwenye karatasi ya shemeji. Aliliandika, akapuliza wino, akaugeuza ukurasa kwangu nihakikishe hakukosea. Nikasoma. Nikamwambia ni sawa, nikatoka kwenye dirisha ili aliyekuwa nyuma yangu asogee.